Tiketi ya Tanga Mkononi, Barua ya Mahakama Mlangoni

Masanduku mawili yalikuwa sebuleni, yamefunguliwa. Moja lilijaa vitambaa vya sare na viatu vya bwana harusi. La pili nilikuwa nimelipima mara tatu kwenye mizani ya bafuni lisije likazidi kilo 23. Zilibaki siku 19 nipande ndege. Siku hiyo ndipo mleta barua alipodumbukiza bahasha nyeupe yenye jina la mahakama: naitwa kwenye juri, Jumatatu saa 2 asubuhi, wiki ileile ambayo mdogo wangu anaoa.

Ukiwa unaishi Marekani na umeshakula kiapo cha uraia, jitayarishe, kwa sababu bahasha hiyo ina siku yake, na mara nyingi inaangukia wiki ya shughuli. Haya ndiyo niliyoyapata mimi, na ninayahesabu kutoka kumi kushuka hadi moja. Namba ikipungua, uzito unaongezeka, kwa hiyo usishukie njiani.

10. "Umegonga mtu?"

Nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imelegea?"

"Nimepata samansi ya mahakama."

Kimya. Kisha nikamsikia akiwaita watu wa nyumbani waje wasikilize. "Umefanya nini, mwanangu? Umegonga mtu?"

Nikamwambia sijashtakiwa, nimeitwa niwe kama mzee wa baraza. Hapo akashusha pumzi, maana wazee wa baraza anawajua: wale wanaoketi na jaji, wakasikiliza kesi na kutoa maoni, ingawa jaji hafungwi na maoni hayo. Ikabidi nimweleze tofauti. Huku jaji anasimamia sheria na utaratibu, lakini kwenye kesi kubwa ya jinai wanaosema huyu ana hatia au hana kwa kawaida ni wananchi 12 waliotolewa majumbani mwao. Jaji hana kura chumbani mwao.

"Basi waambie wakungoje," mama akasema. "Harusi haingoji mtu."

Shauri zima akalimaliza hapohapo. Tutalikuta kwenye namba tatu.

9. Kapu la taka halijibu barua

Wapo wanaosema, itupe, watajuaje kama uliipata? Ndugu yangu, samansi haifi kwa kutupwa. Kwenye mahakama za shirikisho, anayeipuuza bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 1,000, kufungwa siku zisizozidi tatu, kupewa kazi za jamii, au kuunganishiwa adhabu hizo. Majimbo nayo yana adhabu zao. Hebu jione unarudi kutoka harusini, hina haijafutika mikononi, unafungua sanduku la barua unakuta ya pili. Ya pili huwa haibembelezi.

8. "Kiingereza changu si kizuri"

Sheria ya shirikisho inataka uweze kusoma, kuandika, kusema na kuelewa Kiingereza cha kutosha kujaza fomu na kufuatilia kesi. Lafudhi haimo. Wewe ambaye juzi ulibishana na watu wa bima kwenye simu dakika 40 mpaka wakarudisha hela yako, leo Kiingereza kimekuishia wapi?

Tena kumbuka yale maswali 100 ya usaili wa uraia, toleo la 2008, ambayo wengi wetu tuliyakariri jikoni huku tukisonga ugali. Swali la 49 linauliza ni wajibu gani walio nao raia peke yao. Majibu yanayokubalika ni kuhudumu kwenye juri na kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho. Tulijibu, tukapasi, tukapiga picha na bendera.

7. Anayepiga simu kudai hela ni tapeli

Mtu anapiga, anajitambulisha kuwa askari, anasema ulikosa juri na hati ya kukukamata imeshatoka, ila ukilipa sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani mambo yataisha. Kata simu. Mahakama haikusanyi faini ya juri kwa kadi za zawadi. Waambie na wazee wanaokuja kukaa nasi kulea wajukuu, kwa sababu matapeli hupenda sauti ya mtu mwenye hofu na heshima.

6. Kama bado una kadi ya kijani

Hapa nanyamazisha ngoma kidogo. Majina ya juri hutolewa kwenye orodha za wapiga kura na, mahali pengi, orodha za leseni za udereva. Kwa hiyo barua inaweza kumfikia mtu mwenye leseni ambaye si raia. Ikikufikia, jaza fomu, weka alama panapouliza uraia kwamba wewe si raia, tuma kithibitisho wanachotaka, imekwisha. Usiende kuketi kwa kuona aibu kukataa. Kudai uraia usio nao ni kosa linaloweza kukufungia njia ya uraia maisha na kukurudisha kwenu bila kupenda.

Na raia anayejiandika si raia ili akimbie juri, naye anatia saini uongo. Tusishauriane hivyo kwenye misiba na sherehe zetu. Nimeusikia ushauri huo kwa masikio yangu, kwa mtu ninayemheshimu, na nilimwambia palepale kwamba anapoteza watu.

5. Kazi na mfuko

"Nitafukuzwa." Hapana. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1978 inamkataza mwajiri kumfukuza au kumtisha mfanyakazi wa kudumu kwa sababu ya kuhudumu kwenye juri ya mahakama ya shirikisho, na majimbo yana kinga zao kwa mahakama zao. Mshahara ni habari nyingine, kwa hiyo muulize mwajiri mapema. Mahakama ya shirikisho inalipa dola 50 kwa siku na gharama za usafiri. Massachusetts, mwajiri anakulipa mshahara wako siku tatu za kwanza, kisha jimbo linalipa dola 50 kwa siku. Texas, tangu 2023, ni dola 20 siku ya kwanza na dola 58 kila siku inayofuata. Nyumba ya Kigamboni haitaezekwa kwa hela hiyo, lakini chakula cha mchana utakula.

4. Wakubwa nao huitwa

Joe Biden alikwenda kuitikia wito huko Wilmington mwaka 2011, akiwa Makamu wa Rais. George W. Bush alikwenda Dallas mwaka 2015. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alikwenda Chicago Novemba 2017. Wote watatu walirudishwa nyumbani bila kuchaguliwa. Oprah Winfrey hakurudishwa: mwaka 2004, hukohuko Chicago, aliketi kwenye kesi ya mauaji mpaka mwisho. Kama Oprah alipata siku, na sisi tutazipata.

3. Omba tarehe nyingine, usiombe kufutiwa

Hapa ndipo tiketi inapookolewa, kwa hiyo soma polepole.

Kusamehewa na kuahirishiwa ni vitu viwili. Kusamehewa kunahitaji sababu nzito: ugonjwa, mtu unayemuuguza asiye na mwingine, na mengine ya aina hiyo. Kuahirishiwa ni kusema nitakuja, ila siku nyingine, na mahakama nyingi hukubali mara ya kwanza bila mvutano. Massachusetts wanakuruhusu kusogeza mpaka mwaka mzima kutoka tarehe uliyopewa. Kila mahakama ina utaratibu wake, na umeandikwa kwenye barua hiyohiyo unayoogopa kuifungua.

Angalia kwanza umeitiwa juri gani. Ya kesi ya kawaida mara nyingi huisha kwa siku chache, na wengi hawachaguliwi kabisa. Juri kuu ni nyingine: kwenye mahakama za shirikisho ina watu 16 hadi 23, inaamua kama mtu afunguliwe mashtaka au la, na inaweza kukuita siku kadhaa kwa mwezi kwa miezi mingi. Usichanganye.

Halafu chukua namba yako iliyo kwenye barua, ingia tovuti ya mahakama au piga namba ya simu waliyoandika, jaza fomu, na useme ukweli kwa kifupi. Mimi niliandika mistari mitano: ndugu yangu anaoa, tiketi ililipiwa miezi minne kabla ya barua, naondoka tarehe fulani na kurudi tarehe fulani, naomba Februari. Nikaambatisha tiketi inayoonyesha siku niliyoinunua. Siku hiyo ndiyo shahidi wako. Anayenunua tiketi baada ya kupata barua hana la kuonyesha.

Tarehe unayoomba ichague kwa kalenda ya nyumbani: Ramadhani iko lini, watoto wanafunga shule lini, nani atakushikia zamu. Usitaje siku ya kwanza inayokuja kichwani ili tu mambo yaishe, kwa maana mara ya pili kuahirishiwa ni kugumu zaidi. Na usipande ndege kabla hujajibiwa. Kutuma ombi si kukubaliwa.

Jibu langu lilikuja siku ya nne. Nikalichapa, nikaliweka kwenye bahasha moja na pasipoti, nikampigia mama.

"Si nilikwambia?" akasema, akarudi kwenye hesabu ya mchele.

2. Kiti cha juri kilikuwa na wenyewe

Kwa nini nihangaike kuahirisha badala ya kutafuta njia ya kutoka moja kwa moja? Kwa sababu najua nani alizuiwa kukikalia.

Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika aliyesimama kizimbani kwa kosa hilohilo alipewa washauri mfano wa wale wazee wa baraza, na jaji akitaka aliyaweka maoni yao kando. Wananchi wale hawakuaminiwa kuamua.

Marekani nako, ilibidi Mahakama ya Juu iseme mwaka 1880, katika kesi ya Strauder, kwamba jimbo la West Virginia halina ruhusa ya kuwafungia watu Weusi nje ya juri kwa sheria. Mlango ukafunguliwa kwenye karatasi, ukafungwa kwa mbinu. Wanawake walingoja mpaka 1975 ndipo mahakama hiyo iliposema wasitengwe kimfumo. Na mwaka 1986, katika kesi ya Batson, mwendesha mashtaka wa Kentucky alikuwa amewaondoa watu Weusi wote wanne waliokuwa kwenye foleni ya kuchaguliwa, ikabaki juri ya Wazungu watupu kumwamulia mshtakiwa Mweusi. Mahakama ya Juu ikasema haifai kumwondoa mtu kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1986 mimi nilikuwa nimeshaanza shule.

Halafu nikipe kiti hicho mgongo kwa sababu nina mambo mengi? Hapana.

1. Februari

Nilikwenda. Theluji ilikuwa imegeuka barafu kwenye ngazi za mahakama, na mlinzi alikuwa akiwashika mkono wazee mmoja mmoja. Tulikaa ukumbini kwa muda wa saa mbili, tukaonyeshwa filamu fupi ya kueleza kazi ya juri, kisha watu 40 tukaitwa kwa namba kupanda juu. Mimi nilikuwa 31.

Mshtakiwa alikuwa ameshafika. Kijana. Suti yake ilikuwa pana mabegani, na kwenye mkono wa koti uzi mweupe wa lebo ya dukani ulikuwa bado unaning'inia. Bila shaka mtu alimnunulia jana yake, mama au shangazi, na hakuna aliyekumbuka mkasi. Tulipokuwa tunaingia aligeuka akatutazama, uso baada ya uso, kama mtu anayetafuta ndugu yake kituo cha basi. Nilipopita macho yake yalikaa kwangu kidogo, yakaenda kwa aliye nyuma yangu.

Sijui alifanya au hakufanya. Hilo ndilo lililokuwa linakwenda kuamuliwa. Lakini nilielewa anachohesabu.

Jaji akauliza maswali, mawakili wakauliza ya kwao: nani ana ndugu polisi, nani amewahi kuibiwa, nani anaona hawezi kuwa wa haki. Watu walijibu kwa uaminifu kuliko nilivyotarajia. Mwanamume mmoja alisimama akasema aliporwa mwaka uliopita na hasira haijamtoka, na jaji akamshukuru, akamruhusu. Wakapatikana 12 na wawili wa akiba kabla namba yangu haijafikiwa. Saa 9 alasiri nilikuwa nje nakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Nilitaka kubaki. Nasema hivyo kwa moyo wote.

Ndugu yangu, bahasha ikija, ifungue siku hiyohiyo na uijibu wiki hiyohiyo. Nenda harusini, vaa sare, kula pilau, cheza mpaka kiatu kikatike. Ukisharudi na tarehe yako ikifika, nenda ukaketi. Yupo mtu anayehesabu nyuso.