Saa za Reykjavik Kule Kamakis

Mgeni anayefika Kamakis huonyeshwa mbuzi kwanza. Pale Eastern Bypass inapopita Ruiru, moshi wa nyama choma huanza kupanda kabla jua halijawa kali, na vijana wenye koti jeupe husimama kando ya lami wakilipungia kila gari, hata la polisi. Asichoonyeshwa mgeni ni saiba. Zipo, ghorofani, juu ya maduka ya dawa na vinyozi, na huko ndiko wakazi hupeleka mambo yao mazito: ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, mkopo wa HELB, cheti cha tabia njema, na tangu Oktoba 2024, usajili wa SHA iliyochukua nafasi ya NHIF.

Katika saiba moja ya hapo, yenye kompyuta tano na kiti kimoja kizima, balaa lilianzia kwenye WhatsApp. Mteja aliyekuja kuchapisha barua alikuta akaunti ya mtu mwingine imeachwa wazi. Badala ya kuifunga, akasoma. Alipofika kwenye ujumbe uliouliza "Uko wapi, mpenzi?" akajibu, kwa nia njema kabisa, "Kamakis." Jioni hiyo mwenye akaunti, ambaye nyumbani alikuwa ameaga kwamba yuko Nakuru kikazi, alipanda ngazi za saiba akitafuta wa kumpiga.

Mwenye saiba aliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena. Dawa aliyoipata ilikuwa faili moja la maandishi liitwalo user.js. Firefox, kivinjari kilichotolewa mara ya kwanza Novemba 2004, kina mipangilio mingi sana isiyoonekana kwenye menyu. Ukiliweka faili hilo ndani ya folda ya mtumiaji, kivinjari hulisoma kila kinapowashwa na kulitii bila swali. Hivyo faili moja, flashi moja, kompyuta tano, tabia moja. Lile linalojulikana zaidi duniani huitwa arkenfox, ambalo zamani lilikwenda kwa jina la ghacks. Hutunzwa na watu wa kujitolea, na karibu kila mstari una maelezo yake pembeni: unafanya nini, unaweza kuharibu nini. Watunzaji hao husisitiza mambo mawili, kwamba usome kabla ya kunakili, na kwamba mabadiliko yako uyaweke kwenye faili la kando liitwalo user-overrides.js. Mwenye saiba aliyasoma maonyo hayo kwa makini sana, baada ya kunakili.

Ndani ya faili hilo mna kasuku. Si mzaha wa mwandishi huyu. Kuna mpangilio uitwao _user.js.parrot ambao hubadilishwa maneno kila sehemu mpya ya faili inapoanza, na maneno yenyewe yanatokana na kichekesho cha Monty Python cha mwaka 1969 kuhusu mteja anayerudisha dukani kasuku aliyekufa. Ukikosea kuandika mahali, unafungua about:config, unamtafuta kasuku, na neno lake la mwisho linakuonyesha pa kuanza kuchimba. Kijana wa zamu ya jioni hakuwa na habari hizo. Alimsikia bosi wake akinung'unika peke yake kwamba kasuku amefia sehemu ya 2600, akashuka ngazi kumwarifu mama wa chapati kwamba siku hizi mzee anafuga ndege, na kwamba mambo si mazuri.

Kilichofuata ni fremu za kijivu. Kuna mpangilio, ulioingia Firefox mwaka 2019, unaouzungushia ukurasa nafasi tupu ili tovuti zisijue ukubwa halisi wa skrini. Wazo ni zuri. Lakini wateja wa Kamakis walidhani skrini zimeanza kuoza kutoka pembeni, na mmoja akadai apunguziwe bei kwa sababu ameonyeshwa robo tatu ya ukurasa.

Fremu ilikuwa mchezo tu. Mpangilio mkubwa, privacy.resistFingerprinting, haufichi skrini peke yake. Huficha saa pia. Katika matoleo ya karibuni, huziambia tovuti kwamba kompyuta iko Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, ambako saa hufuata UTC mwaka mzima. Kamakis iko mbele kwa saa tatu. Basi mzee mmoja aliyeitwa mahojiano ya kazi ya ulinzi saa tatu asubuhi aliona kwenye ukurasa 06:00. Alikuwa mtu wa nidhamu. Saa kumi na mbili kamili alikuwa langoni, kungali na gizagiza, na mlinzi wa usiku, aliyekuwa akisubiri mwenzake wa kumpokea, akamkabidhi tochi akaenda zake. Mzee alilinda mpaka saa tatu. Inasemekana mahojiano yalikuwa mafupi.

Halafu picha. Tovuti nyingi hupunguza ukubwa wa picha ndani ya kivinjari kabla ya kuipokea, na mpangilio huohuo, ukihofia kwamba tovuti inachora ili kukutambua, huirudisha picha ikiwa imejaa takataka za rangi. Kuna kialama kidogo kwenye upau wa anwani cha kuruhusu, lakini ni nani hukitazama? Binti mmoja alikuwa amekuja kuomba kazi, nywele zimesukwa siku hiyohiyo, picha ya pasipoti safi kabisa kwenye flashi. Akaipakia. Ikatokea mistari myekundu, kijani na buluu kuanzia juu hadi chini, kama kikoi.

"Kaka, sasa hapa mimi niko wapi?"

"Wewe ndiye huyo, madam. Ni usalama."

"Usalama wa nani?"

Swali lake lilistahili jibu bora kuliko alilopewa, na jibu lenyewe lina historia. Mwaka 2010 mtafiti Peter Eckersley wa shirika la Electronic Frontier Foundation alichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa Panopticlick. Bila kuuliza jina la mtu na bila kutegemea kuki, alitazama tu mambo ambayo kivinjari hujisemea chenyewe: fonti, ukubwa wa skrini, majira ya saa, programu ndogondogo zilizowekwa. Asilimia 83.6 ya vivinjari vilivyopimwa havikufanana na kingine chochote. Yaani mtu anaweza kufutiwa kuki zote na bado akatambuliwa kwa jumla ya vitu vidogo. Kinga dhidi ya hilo ni kufanana, na ndiyo maana Tor, kivinjari ambako mbinu hizi zilikulia, huwafanya watumiaji wake wote waonekane mtu mmoja na huku kikificha wanakotoka.

Sasa tazama Kamakis. Anwani ya mtandao inasema Kenya. Saa inasema Iceland. Skrini ina ukubwa usio halisi. Mtu wa Reykjavik anayejaza ritani ya KRA akiwa Ruiru, mara nyingi kwa siku, hahitaji alama nyingine ya kumtambulisha. Watunzaji wa arkenfox wenyewe waliuona ugumu huu, na katika matoleo ya karibuni mpangilio huo umekuwa wa hiari. Anayeutaka auwashe mwenyewe akijua anachokitafuta. Mwenye saiba aliuzima. Siku hiyo saa zilirudi Afrika Mashariki na watu wakawa na nyuso tena.

Kufuta kuki kivinjari kinapofungwa, kwa upande mwingine, ndiko hasa alikokuwa amekuja kutafuta, na hapo faili lilikuwa sahihi. Tatizo likawa binadamu. Kwanza, tovuti iliyofutiwa kuki humwona kila mtu kuwa mgeni, kwa hiyo hutuma namba za uthibitisho kwenye simu. Shosho mmoja alikaa akisubiri namba hizo huku zikiingia Qatar, kwa kuwa laini aliyosajiliwa nayo ilikuwa ya kijana wake anayefanya kazi huko. Ikabidi kijana apigiwe. Kwa bahati Qatar na Kenya zina saa moja. Angekuwa Toronto angeamshwa usiku wa manane asome tarakimu.

"Mjukuu wangu," shosho akamwambia kijana wa saiba, "mwaka jana hii mashine ilikuwa inanijua."

Pili, na hili ndilo linalochekesha zaidi, faili linasema kuki zifutwe kivinjari kinapofungwa. Nani hufunga kivinjari saibani? Mteja huinuka akaenda, mwingine akakalia kiti kikiwa bado moto. Kompyuta huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, kwa hiyo usafi wote ulikuwa ukifanyika saa nne usiku, baada ya mchana mzima wa watu kupokezana akaunti. Stima ilipopotea ndipo vivinjari vilipumzika. Kwa muda, Kenya Power ikawa mchangiaji mkubwa wa faragha pale Kamakis.

Kutunza faili la pamoja kuna mtego mwingine ambao hautajwi vya kutosha. Ukifuta mstari kwenye user.js, tabia yake haifutiki. Firefox huwa imeshaunakili kwenye faili lake lenyewe, prefs.js, na huko hubaki mpaka mtu auondoe. Arkenfox wametengeneza hata skripti ya kufagia masalia hayo. Mwenye saiba alikuwa ameongeza mstari wake wa kuzima WebRTC, ambayo ndiyo njia ya simu za video kivinjarini. Kijana wa jioni, mteja wake akililia mahojiano ya Google Meet, aliufuta mstari, akawasha upya, akaona hakuna kilichobadilika. Akahitimisha kwamba mstari ule haukuwa na kazi, na kwa kuwa huo haukuwa na kazi, hata majirani zake huenda hawana. Akaendelea kufuta. Bosi alipokuja asubuhi akairudisha nakala yake kutoka flashi, lakini kompyuta namba tatu ilikuwa na mteja, ikarukwa. Tangu hapo namba tatu ikawa na desturi zake.

Kwa saiba, chombo kinachofaa kimekuwepo tangu Mei 2018, Firefox 60 ilipoleta sera za taasisi: faili liitwalo policies.json, huwekwa penye programu yenyewe, na mteja hawezi kulipindua. Mwenye saiba alilihamia. Safari hii aliandika mistari michache, na kando ya faili akaweka daftari la sababu na tarehe. Sababu moja inasomeka hivi: "Mzee wa tochi."

Kinachobaki nje ya uwezo wa faili lolote ni kingi. Kufuta historia ya vitu vilivyopakuliwa hakufuti vitu vyenyewe, kwa hiyo folda ya kompyuta namba mbili ilikuwa imejaa vitambulisho, vyeti vya KCSE na P9 za walimu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Habari hiyo ilisomwa kwa makini katika eneo lenye baa nyingi kama Kamakis. Ghorofani nako ilisomwa, na folda ikafagiliwa. Karatasi zilizoharibika printani ndizo zilizosahaulika: mama wa chapati chini alikuwa akizipokea bure kwa kufungia, na kwa miezi kadhaa wateja wake walikula wakisoma mishahara ya watu.

Mstari wa karibuni zaidi uliingia Juni, foleni ya ritani ikiwa imefika kwenye ngazi. Unakizuia kivinjari kisijitolee kuhifadhi paswadi. Mteja wa kwanza kukutana nao alikuwa baba mmoja aliyezoea kuandikiwa na mashine. Kisanduku kikabaki kitupu. Akakuna kichwa, akasimama, akafungua dirisha, akamwita mkewe aliyekuwa akiuza sukuma wiki chini kando ya barabara.

"Mama Watoto! Paswadi ya KRA ni gani?"

Jibu lilipanda likiwa na jina la kifunguamimba na mwaka aliozaliwa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na malori. Baba akaandika, ikakataa. Akarudi dirishani.

"Herufi kubwa ni ya mwanzo peke yake!" mkewe akaongeza, na mwenye boda aliyekuwa akinunua nyanya akaitikia kwamba ya kwake pia iko hivyohivyo.