Picha Haihitaji Mlango: Njia Tisa za Kuonyesha Sanaa Nje ya Galari, Kuanzia ya Mwisho

Galari ina shida moja ambayo hata sambusa za bure siku ya ufunguzi hazijaitatua: lazima mtu aamue kwanza kwenda. Na anayeamua kwenda ni yule yule aliyekwenda mwezi uliopita. Muuza mihogo anapita nje, anauona mlango wa kioo, anamwona mlinzi, anaendelea na safari yake. Huyo muuza mihogo ndiye ninayemtaka. Ana macho mawili mazima na siku nzima ya kuyatumia.

Kwa hiyo hii hapa orodha ya wachoraji na wapiga picha waliobeba kazi zao wenyewe wakazipeleka watu walipo. Nimeipanga hasa kwa kigezo kimoja: onyesho linampa nini mwenye mahali? Picha ikimletea mwenye ukuta wateja, abiria au maongezi ya jioni, ataitunza kuliko aliyeichora. Isipomletea kitu, ni mvua mbili tu. Kubisha kunaruhusiwa. Kuruka hadi namba moja hakuruhusiwi, na nakuona unavyokaza macho kule chini.

9. Kisanduku juu ya nguzo

Desemba 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa hofu ya korona, msanii Stacy Milrany wa Seattle, Marekani, alisimamisha nguzo mbele ya nyumba yake na juu yake akaweka kisanduku cheupe chenye mlango wa kuchungulia. Ndani, galari ya kiganjani: picha ndogo ndogo, na vijisanamu vya watu vikizitazama. Masharti yake ni mepesi: chukua kazi, acha kazi, au tazama tu uende zako. Mitaa mingine ikaiga.

Kinashika mkia kwa sababu kinataka mtaa wenye nafasi mbele ya nyumba na majirani wasiokuwa na haraka. Lakini kukitengeneza ni rahisi mno. Mabaki ya mbao kwa fundi seremala, kipande cha bati juu ili mvua isiingie, komeo dogo. Kiweke kwenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Watu wazima watainama, na mgongo utawashukuru.

8. Mashine ya sigara iliyookoka

Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina, ni mji uliokuzwa na tumbaku. Mwaka 1997 msanii Clark Whittington alichukua mashine kuukuu ya kuuzia sigara, akaipeleka kwenye onyesho lake mkahawani na kuijaza picha zake, kila moja dola 1. Unaingiza hela, unavuta mpini, kinadondoka kipande cha sanaa kinacholingana na pakiti ya sigara. Aliiita Art-o-mat, na leo kuna zaidi ya mashine 100 za namna hiyo. Mwenye mkahawa anapata wateja wanaosubiri zamu ya kuvuta, na huo ndio uvutaji pekee ambao daktari ataubariki.

Kwetu mashine hizo hazipo, lakini duka la rejareja la Mangi lipo kila kona. Mwombe nafasi ndogo kaunta, kando ya kopo la pipi, uweke michoro ya ukubwa wa kadi. Chenji ikikosekana, mteja badala ya kupewa pipi mbili apewe mchoro mmoja. Meno yatapona na kuta zitapendeza.

7. Kiwanja kitupu

Tarehe 15 Septemba 1974, kundi la wachoraji wa Moscow akiwemo Oscar Rabin walibeba kazi zao hadi kwenye uwanja mtupu wa Belyayevo, pembezoni mwa mji. Serikali ya Kisovyeti haikuwapa ukumbi, maana hawakuchora walivyotakiwa kuchora. Wakazisimamisha picha mikononi na kwenye vigingi. Serikali ikatuma mabuldoza na magari ya maji. Picha zilisagwa, watu wakakamatwa, na habari ikazunguka dunia nzima. Majuma mawili baadaye, tarehe 29, wakuu wakalegeza kamba: onyesho la wazi katika bustani ya Izmailovo, kwa muda wa saa nne tu. Watu walifurika kwa maelfu.

Nawavulia kofia wachoraji wale bila masharti. Namba saba si hukumu juu ya ujasiri wao, ni hukumu juu ya kiwanja: hakina mwenyewe wa kukitetea. Ukitaka kutumia cha mtaani kwako, anza na mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, na barua yenye mhuri uikunje mfukoni. Mhuri umezuia buldoza nyingi.

6. Chochote chenye magurudumu

Tamasha la KLA ART la Kampala lilitumia makontena ya mizigo mwaka 2012, likayatawanya mjini yakawa vyumba vya maonyesho. Mwaka 2014 likaenda mbali zaidi: wasanii wakapewa pikipiki za boda boda wazigeuze sanaa inayotembea. Hapo hata asiyetaka kuona aliona, maana boda boda haijawahi kuomba ruhusa ya kupita mbele ya mtu.

Nairobi hawakuhitaji tamasha. Matatu zilikuwa zikichorwa miaka mingi kabla ya kanuni za usafiri za Waziri Michuki za mwaka 2004 kuzilazimisha kuvaa ufito wa njano na adabu. Kwa takriban miaka kumi michoro ilibanwa, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoifungulia mlango tena. Dere na makanga walikuwa wanajua siku zote: nganya, yaani matatu yenye sura na rangi za kukata na shoka, hujaa kabla ya ile isiyochorwa iliyo mbele yake kwenye foleni ya steji. Mchoro unalipa mafuta. Na jamu ya jioni ikikukwamisha nyuma yake kwa nusu saa, utaujua mchoro huo kuliko mwanafunzi wa chuo cha sanaa.

5. Ukuta wa karakana ya Chéri Samba

Kijana aliyetoka kijijini akajifunza kazi kwa kuandika mabango ya biashara, Chéri Samba alifungua karakana yake Kinshasa mwaka 1975. Alizitundika picha nje, upande wa barabara. Wapita njia wakawa wanatupa jicho moja na kuendelea. Wengine tungenuna. Yeye akaandika maneno ndani ya picha, kwa Kifaransa na Kilingala, marefu ya kutosha kumfanya mtu asimame. Ukisimama kusoma unatazama, ukitazama unabishana na aliye kando yako, na hapo umati umeshapatikana.

Ndiyo mbinu ya kiufundi iliyonigusa kuliko zote, kwa sababu haikununuliwa dukani. Tatizo la barabara lilitatuliwa ndani ya fremu. Leo kazi zake zimo katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, na bado zina maneno yale yale yaliyobuniwa kumkamata mtu anayewahi sokoni.

4. Kanga

Mombasa na Unguja, shusheni mikono, nawasikia. Najua mnataka iwe ya kwanza.

Hoja yenu ina nguvu. Pindo, mji na jina: kanga ni picha yenye fremu na maelezo yake kabla hata hujafika nayo nyumbani. Duka la Kaderdina Hajee Essak, Mombasa, linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, limeziuza kwa vizazi. Na mpangaji wa maonyesho ni mvaaji mwenyewe. Yeye ndiye anayechagua siku, njia ya kupita, na kibaraza cha kupunguza mwendo. Jirani anayehusika atalisoma jina kutoka ng'ambo ya barabara hata kama miwani ameisahau ndani.

Imebaki ya nne kwa sababu moja tu. Mchoraji wake hajulikani, hayupo pale kona kusikia wanavyoisema kazi yake, na ninapenda mchoraji awepo. Nitumieni malalamiko kwa kanga, nitayasoma yote.

3. Kivuli cha nje ya Morogoro Stores

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai. Alikuwa na vipande vya silingibodi na rangi ya kupaka baiskeli, ile inayong'aa na kukauka ngumu. Hakuwa na galari pia, ila aliona kitu ambacho wenye galari hawakukiona: wageni wa Oysterbay wenye fedha wote walikuwa wanakwenda kununua vyakula Morogoro Stores. Picha zikapangwa nje, kivulini, njiani kwa mtu anayetoka na kapu. Agatha, mke wake, alishughulika na uuzaji huku yeye akichora.

Tazameni akili ya mpango huo. Duka halikupoteza kitu, likapata mandhari. Mnunuzi hakupotezewa safari. Kipande kilikuwa kidogo cha kubebwa kwapani. Chui, ndege na ndovu walichorwa wakaijaza bodi pembe hadi pembe, wakaonekana vyema hata picha zikiegemezwa chini. Na kwa kuwa kazi ilifanyika mbele za watu, ndugu na vijana wa karibu walijifunza kwa kutazama. Tingatinga alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akiwa na miaka minne tu ya uchoraji, mtindo haukufa. Waliokuwa pale kivulini waliushika, na mwaka 1990 wakauundia chama cha ushirika. Kivuli kilikuwa galari, soko na shule kwa pamoja, bila bili ya umeme.

Leo picha za mtindo huo zimetundikwa kwenye kuta za mawe kila uchochoro wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Ukizipita kwa kusema "hizi za watalii", rudi hatua tatu utazame upya. Mgeni alikuwa mteja wa kwanza tangu siku ya kwanza, na rangi haikupungua ubora kwa sababu hiyo.

2. Paa la Kibera

Januari 2009, msanii wa Kifaransa JR alifika Kibera na picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo hapo. Angeweza kuzibandika ukutani kama kawaida yake. Akazichapisha kwenye vinyli isiyopitisha maji, akafunika mapaa ya mabati yapatayo mita za mraba 2,000. Picha zikawa kinga ya mvua. Mama anayetazamwa na ndege angani alikuwa chini ya paa hilo amelala pakavu.

Halafu treni. Inapita Kibera kila siku, basi mabehewa yakabandikwa macho, na kwenye mteremko chini ya reli yakawekwa mabati yenye sehemu za chini za nyuso zile zile. Treni ikipita, kwa nukta chache, macho yanakutana na midomo na sura inatimia. Ikishapita, sura inakatika. Ni onyesho lenye ratiba ya shirika la reli, na mtoto aliyekimbilia relini kuliona alikuwa na kiti cha mbele.

Atakayesema JR ni mgeni, kweli. Lakini mabati yenyewe yana wasanii wake. Kikundi cha Wajukuu, cha Mukuru, Nairobi, kilialikwa kwenye maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, wakaenda na lugha ya kwao: lango la ukumbi wakalivika mabati ya kutu. Wajerumani waliingia galari kwa kupitia mtaa wa mabanda. Nimeisubiri ziara ya namna hiyo muda mrefu.

1. Mchoraji anayebisha hodi

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1947, alichora kwenye magunia ya unga na kuzipeleka picha nyumba hadi nyumba. Miji ya migodi ya Katanga ilijaa wachoraji wa aina yake, na wateja wao walikuwa wafanyakazi, makarani na walimu waliotaka kitu cha sebuleni. Mwishoni mwa mwaka 1973 alibisha hodi kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Alikuja kuuza picha. Akaishia kuchora historia nzima ya nchi yake, Kongo: picha 101, zikiwemo za enzi za kale, Wabelgiji, mgomo wa migodini wa 1941 ulioishia kwa risasi, uhuru wa 1960, na mwili wa Waziri Mkuu Lumumba chini ya misalaba mitatu. Na kila picha akaieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha kule kwao, kinasa sauti kikizunguka.

Kwa nini ya kwanza? Kwa sababu sebule inampa mwenyeji kilicho adimu kuliko wateja na kuliko paa lisilovuja: sababu ya kuzungumza. Mgeni anaketi, anauliza pale ukutani ni nani anachapwa, na mzee aliyekuwa kimya tangu chai ianze kumiminwa anaanza kusimulia. Ilikuwa nchi ya Rais Mobutu, ambako mambo mengi hayakusemeka barabarani. Ukutani, juu ya kochi, yalisemeka. Galari ipi ina maelezo ya namna hiyo, yanayotolewa na aliyekuwepo?

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Picha zile zimehifadhiwa Amsterdam, mbali sana na sebule zilizochorewa. Zitunzwe huko vizuri, sina ugomvi. Ninachotaka ni nakala: kubwa, za karatasi, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kwenye kuta za shule na za mabaa, kwa ruhusa ya wenye haki na ya wenye kuta. Gundi haihitaji mfadhili. Koroga unga wa ngano kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, pika hadi uwe uji mzito, uache upoe, paka ukutani kwa brashi pana, bandika, paka tena juu. Gunia lilibeba picha mara ya kwanza. Safari hii ni zamu ya unga wenyewe.