Marehemu Anunua Kitabu

Jana jioni, pembeni ya barabara pale Posta, nilitangaziwa kifo changu.

Nilisimama kutazama vitabu vilivyotandazwa kwenye turubai la machinga, kati ya chaja za simu na soksi, jicho likatua kwenye riwaya yangu. Elfu nne. Dukani ni elfu kumi. Nikamuuliza kijana kama ni halali.

"Orijino kabisa, mzee wangu. Wanafunzi wanaigombania."

Nikamwambia mwandishi ndiye mimi. Akaigeuza, akatazama picha ya nyuma, akanitazama, akairudia picha.

"Hapana, mzee. Huyu alishafariki."

Jirani yake muuza miwani akaitwa kutoa ushahidi. Akaafiki, akaongeza kwamba mazishi yalijaa watu. Hapo nikafarijika kidogo. Wakanipunguzia hadi elfu tatu, nikalipa.

Nyumbani nikaichunguza chini ya taa, na hasira ikapisha mshangao. Kitabu halali huanzia kwenye karatasi kubwa iliyochapwa kurasa nane kila upande, tena bila kufuatana: ukurasa wa 1 uko ubavuni mwa wa 16, nyingine zimesimama kichwa chini. Ukiiona kabla haijakunjwa utamtuhumu mchapaji kwa ulevi. Ikunjwe mara tatu, kila ukurasa unarudi kwenye zamu yake. Mafungu hayo hupangwa, hugundishwa au kushonwa mgongoni, kisha kingo hukatwa. Mwizi huanzia mwisho. Ananunua nakala moja dukani (mteja wangu huyo, nisimvunjie heshima), anaukata mgongo, kurasa zinabaki moja moja, anazipitisha kwenye skana. Kisha ni kazi ya riso. Mashine hiyo hutoboa kwa joto vitundu vidogo kwenye stensili nyembamba, stensili ikavishwa kwenye silinda yenye wino, silinda ikazunguka na wino ukapenya vitunduni hadi kwenye karatasi. Stensili moja hutoa nakala nyingi mno kwa gharama ndogo, ndiyo maana mitihani mingi ya shule huchapwa hivyohivyo.

Ila riso na skana haziziwezi picha. Picha iliyochapwa ni vitone vilivyopangwa kwa mistari, na skana nayo husoma kwa mistari yake. Mistari hiyo ikipandana, kama vyandarua viwili vilivyotundikwa pamoja, huzuka mawimbi ambayo hayamo katika chochote kati ya hivyo viwili. Ndiyo yaliyopita usoni mwangu yakanidumbukiza macho na kunibonyeza mashavu. Kijana hakusema uongo. Yule wa pichani amekufa.

Lakini hesabu ya kitabu chenyewe haichekeshi. Katika elfu kumi ya dukani, mkataba unanipa asilimia 10, yaani shilingi 1,000. Kodi ya zuio inakatwa asilimia 15 kabla sijaziona, zinabaki 850, nazo hulipwa mara moja kwa mwaka, mchapishaji akikumbuka. Sheria ya hakimiliki inayotumika sasa tunayo tangu 1999. Mkono unaokata kodi haujawahi kunikosa. Mkono wa kunilinda haujafika Posta, ingawa turubai lile hutandikwa mchana kweupe na wenye sare wanaliruka wakipita. Wengine huinama kuuliza bei.

Basi naishi kwa vibarua. Natafsiri maelekezo ya chanjo ya kuku, nahariri kitabu cha hesabu cha darasa la tatu, naandika hotuba za wageni rasmi. Riwaya mpya inasubiri kuku wapone.

Kutambuliwa nako kumeanza. Nina cheti cha heshima kilichoandikwa "Bi." mbele ya jina langu, na ndevu zote hizi. Abdulrazak Gurnah alipopigiwa simu ya Nobel mwaka 2021, alidhani ni mtu anayetaka kumuuzia kitu. Mimi nikipigiwa na muuza bima, huitikia kwa sauti niliyoitunza kwa ajili ya Nobel.

Leo asubuhi simu imetoka kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya mkoani. Wanafunzi wake wanaipenda mno riwaya yangu, kila mmoja ana nakala yake, wanatamani kuniona kwa macho. Mchapishaji ananiambia mkoa huo hajawahi kupeleka hata katoni moja. Nauli nijitegemee, chakula cha mchana kipo. Mwalimu amesisitiza nisisahau kalamu, maana watoto wote watataka nakala zao zisainiwe.