Hadubini Yenye Adabu

Jamani, tuipongeze hadubini yetu mpya ya kidijitali. Miaka ya 1670, Leeuwenhoek wa Delft alitumia hadubini ya kilenzi kimoja tu aliyoitengeneza mwenyewe, akaona vijidudu ndani ya tone la maji. Maskini, hakuwa hata na cha kusakinisha. Sisi tumeendelea: boksi limeandikwa "inakuza mara 1000", na ndani mna kisidii cha sentimita 8 chenye programu, zawadi kwa laptopu isiyo na pa kukitia. Ni kama kukabidhiwa ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa. Heshima ni ile ile.

Tukachomeka waya wa USB. Vitaa vikawaka duara, darasa likashangilia. Nikatandaza utando wa kitunguu, nikazungusha pete ya kulengea taratibu, kama anayemfunua bibi harusi shela. Kompyuta ikatafakari. Kisha picha ikatokea, angavu ajabu: tundu la pua yangu. Kompyuta ilikuwa imefungua kamera yake yenyewe, ile ya juu ya skrini, maana mgeni hamtangulii mwenyeji. Fundi kwa simu akashauri tuzime, tuwashe. Tumezima mara sita. Kitunguu kimekauka, ila mwanafunzi mmoja ameshaichora pua daftarini, akaandika chini yake: "Seli."