Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mtaala: Naomba Kusajiliwa Gredi ya Nne

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya tano, mtaa wa Pipeline, Nairobi, ambako kinyago cha kuwinga ndege kimesimama kando ya jiko la gesi. Tuliagizwa na shule ya mtoto kukitengeneza. Shamba hatuna, na ndege wanaotutembelea ni kunguru, ambao hawakiogopi. Kimevaa shati la kazini la baba watoto.

Tangu mtaala wa umilisi uenezwe nchi nzima mwaka 2019, mmetukumbusha kuwa mzazi ni mshiriki. Tumekubali. Sasa ninaomba nisajiliwe rasmi Gredi ya Nne, maana kazi naifanya tayari, haki zake ndizo nisizo nazo. Nipewe nambari yangu ya tathmini. Nipewe sare: sketi ya marinda na sweta ya kijani yenye nembo kifuani, niivae kwenye matatu alfajiri ili kondakta anitoze nusu nauli. Saa nne nipate mapumziko mafupi na kikombe cha uji. Mwisho wa muhula nataka ripoti yenye jina langu: kinyago, Kufikia Matarajio, mkufu wa vizibo vya soda, Kuzidisha Matarajio, kukata manila saa tano usiku bila kumfokea mtu, Chini ya Matarajio. Penye sahihi ya mzazi, mama yangu yu hai bado, atatia kidole.

Mengine ni madogo. Ujumbe wa WhatsApp wa kutaka majani ya aina tano "kesho asubuhi" usitumwe saa tatu usiku. Gundi iondolewe ushuru. Saiba zikeshe.

Kazi ya nyumbani yenyewe siibezi. Mwanangu akinisomea ukurasa mmoja kwa sauti jioni, namsikia anapokwama, namrudisha, na tunalala tukiwa marafiki. Haigharimu hata shilingi. Hata sisi wa mfumo wa 8-4-4 tulitakiwa kuchonga miiko (na mafundi wa sokoni waliokuwa wakituchongea wanaikumbuka enzi ile kwa shukrani), kwa hiyo mlijua mapema mambo haya huishia wapi.

Lakini jirani yangu anauza mboga. Kuchapisha picha sita za wanyamapori walizoagizwa, za rangi, kunameza faida yake ya siku. Hakuzichapisha. Binti yake akarudi na daftari lililoandikwa kwa wino mwekundu: "Mzazi hashirikiani." Hashirikiani! Mwanamke anayeamka saa tisa usiku kwenda soko la Marikiti! Hapo mmepima nini, akili ya mtoto au mfuko wa mama yake? Na mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenzake kwa kukosa picha ya twiga, amepata umilisi gani?

Mniwie radhi, Waheshimiwa. Mwanafunzi mpya huwa na utovu wa nidhamu.

Nasubiri nambari yangu. Kwa sasa, hesabu na kusoma mtoto atafanya mwenyewe, hata akikosea. Kazi ya manila na gundi itarudi shuleni ukurasa ukiwa mtupu, sahihi yangu chini yake. Wazazi wenzangu, nanyi tieni zenu.