Misingi ya Elimughairi: Mhadhara Kuhusu Call Off

Mwanafunzi, keti vizuri. Elimughairi haiwaingii wanaoegemea ukuta. Leo tunapasua kitenzi-mkia cha Kiingereza, call off, ambacho pasipo hicho mataifa yasingejua kuacha migomo wala wachumba kuachana kwa adabu.

Fasili: call off ni kuamuru jambo lililopangwa lisiwe. Pigia mstari "lililopangwa". Lisilopangwa halighairiki, ndiyo maana Mwingereza, pamoja na ubabe wake wote, hajawahi ku-call off mvua.

Fungu la 1: Mkiisho. Kitenzi hiki kina Shina (call) na Mkia (off), na Mkia huhama. Call off the match ni halali. Call the match off ni halali. Ila nomino ikishageuka kiwakilishi, Mkia hauruhusiwi kutangulia: call it off ni Kiingereza, call off it ni jinai. Suala hili nimelitafakari miaka ile wenzangu walipokuwa wakijenga nyumba.

Fungu la 2: Ughairimbwa. Call off the dogs ni amri ya msasi kuwaita mbwa waache windo. Kinachoghairiwa ni shambulio. Mbwa wenyewe wanabaki. Wengi hufeli hapa.

Fungu la 3: Ughairishi dhidi ya Uahirishi, yaani call off na put off. Hapa tutakaa. Kipimo chetu ni Udumujina: je, jambo likija kufanyika, linabaki na jina lake? Olimpiki za Berlin 1916 na London 1944 zilifutwa na vita: call off tupu. London iliandaa michezo mwaka 1948, lakini hiyo ikahesabiwa Olimpiadi ya 14. Ya 13 imebaki namba isiyo na mkimbiaji hata mmoja. Tokyo 2020, kinyume chake, ilifanyika 2021 huku ikiitwa 2020 vilevile. Jina lilisubiri wenyewe. Hiyo ni put off.

Sasa peleka kipimo Kariakoo. Tarehe 8 Mei 2021 dabi ya Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa saa ya awali, wakaondoka, mechi isichezwe. Asiyesoma angetamka call off. Lakini dabi ileile ilichezwa tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda 1–0. Kwa hiyo put off. Matokeo hayo hayana uzito wowote kitaaluma, ingawa mhadhiri wako aliyapokea vizuri.

Fungu la 4: Ughairindoa. Call off the wedding ina tabaka. Ndoa inaghairika. Ukumbi unaghairika, bila kurudishiwa malipo ya awali. MC anaghairika kwa manung'uniko. Lakini michango iliyokwisha kuliwa kwenye vikao vya kamati haina Shina wala Mkia, na mwenyekiti wa kamati, ukimuuliza, simu yake haipatikani.