Simu Moja, Kamati Nzima

Mdogo wangu anasomea kompyuta, na daftari kwake ni ushamba. Kamati ya harusi ilipoundwa akajitolea kutengeneza programu ya kuwakumbusha watu ahadi zao. Shangazi, mweka hazina, akamkabidhi shingo upande daftari lake lenye madoa ya mchuzi.

Kikao kilichofuata orodha ikagawiwa. Majina mbalimbali, ahadi mbalimbali, simu moja. Mwenyekiti: 2147483647. Mtu wa mapambo: 2147483647. Babu wa Korogwe, ambaye hana simu, ndiye pekee aliyenusurika: kaandikiwa 0.

Shangazi akavaa miwani, akapiga. Namba haipo.

“Kumbe ahadi zote hizi za mtu mmoja,” akasema, “na mwenyewe hayupo!”

Kijana alikuwa amehifadhi simu kama hesabu, kwenye nafasi ya biti 32. Biti moja ni ya alama ya chanya au hasi; kwa 31 zinazobaki, namba kubwa kuliko zote inayoenea ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Sasa simu yetu ikianza na 255 inasomeka bilioni 255 na ushei. Itaingia wapi? Hifadhidata yenye adabu ingekataa waziwazi; yake ilikata kimyakimya, ikamwandikia kila mtu kikomo. Angeanza na 07 kama tunavyoandika sote, ingeliwa sifuri ya mbele tu.

Akajitetea kwamba hata YouTube mwaka 2014 walilazimika kupanua kihesabio chao kwa ajili ya “Gangnam Style”, maana watazamaji walikuwa wanavuka namba hiyohiyo. Mtu wa mapambo akauliza kama huyo wa YouTube naye ana ahadi.

Mimi nilikuwa nachekelea peke yangu, kwa kuwa hiyo ni namba tasa yenye historia. Mwanahisabati Leonhard Euler aliithibitisha mwaka 1772, yuko St. Petersburg, karibu kipofu kabisa. Hakujaribu kila kigawanyo: alijua kigawanyo tasa chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63, na kwamba hakuna haja ya kuvuka 46,340. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kuwa namba kamilifu inayotokana nayo pengine haitapitwa kamwe. Vitu hivi havina faida, nani ajisumbue? Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas akajisumbua, akaibuka na namba tasa ya tarakimu 39, bila mashine.

Haya yote niliyasema kwa sauti, kwenye kikao cha michango, watu wakisubiri soda.

“Ngoja kwanza,” Shangazi akanikatiza. “Hiyo namba haigawanyiki?”

“Haigawanyiki, Shangazi. Labda kwa moja na kwa yenyewe.”

“Basi ilipe yenyewe. Nirudishieni daftari langu.”